Papa anasema uuguzi ni utumwa, shangazi ananionyesha njia ya miezi tisa

Jambo mama,

Mimi ni binti wa miaka 20, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nimepata diploma ya Serikali, option ya biokimia, na tangu kitambo ninajua ninachotaka: kuwa muuguzi. Shida ni kwamba nyumbani kila mtu ana lake.

Papa ni dereva wa lori, anabeba shaba kutoka Kolwezi hadi Kasumbalesa. Anasema hakulala miaka yote ile kwenye foleni ya mpaka ili binti yake akamwage mikojo ya watu. Anataka nisome sheria. Nikikataa sheria, basi udaktari. Uuguzi hataki kuusikia. Ana rafiki yake muuguzi wa hospitali ya Serikali, miaka inapita hajawahi kupata mshahara kamili, na mara nyingine anapita kwetu kuomba pesa ya teksi. Kila tukikaa kula, papa ananitolea mfano huo: "Unataka kuwa kama yule?"

Shangazi, dada yake papa, yuko upande wangu, lakini kwa njia yake. Mtaani kwao kuna shule inayofundisha uuguzi jioni kwa miezi tisa. Wanatoa brevet, yaani cheti chao, halafu wanakutafutia kazi katika dispansere, zile zahanati ndogo. Bei yake ni ndogo kabisa. Shangazi anasema miaka yote ile ya ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, ni ya kupoteza bure, "sindano ni sindano".

Halafu kuna mchumba wangu. Yeye hasemi sana, ila siku moja alisema mke anayelala nje usiku ni shida.

Na mimi mwenyewe nina woga. Bibi alipolazwa, mimi ndiye niliyemlinda. Nilimwosha, nilimlisha, nilikuwa ninaenda kumtafutia dawa mjini. Sikuchoka. Lakini siku walipomfungua kile kidonda cha mgongoni, cha kulala sana, harufu ilinishinda nikakimbia nje kutapika. Muuguzi alicheka, akawaambia wenzake: "Huyu anataka kuja kusoma kwetu!" Tangu siku hiyo ninajiuliza kama ninajidanganya.

Ninasikia watu wakitaja ngazi za wauguzi, A2, A1, A0, sielewi. Nifanye nini, mama?

Binti wa Katuba

*

Jambo mwanangu,

Nianze na shule ya miezi tisa, maana hiyo ndiyo inaweza kula pesa yako wiki hii hii. Usiingie. Usiende hata "kuona tu", kwa sababu wanaokaribisha watu pale wanajua kuongea.

Sasa nikufungulie hizo herufi. A2 ni muuguzi wa ngazi ya sekondari. Anasoma ITM, zile shule za sekondari za uuguzi ambazo siku hizi zinaitwa pia IEM, miaka minne, na anamaliza kwa mtihani wa jury ya kitaifa. Shule hizo ziko chini ya Wizara ya Afya. A1 ni yule anayeingia ISTM akiwa na diploma ya Serikali mkononi kama wewe. Katika mfumo wa zamani alikuwa anasoma miaka mitatu ya graduat, diploma ya kwanza ya chuo. A0 aliongeza miaka miwili ya licence juu ya hiyo. ISTM ziko chini ya wizara ya elimu ya juu, na Lubumbashi tunayo ya Serikali. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vyetu vilianza kuingia LMD, yaani mfumo wa licence, master na doctorat, kwa hiyo majina yamebadilika, graduat inaondoka, licence (sasa ndiyo shahada ya kwanza) na master ndiyo lugha mpya. Kwenye korido za hospitali bado utasikia watu wakisema A1 na A0, na wataendelea kusema hivyo mpaka wastaafu. Usichanganyikiwe. Wewe na diploma yako ya biokimia, mlango wako ni ISTM.

Hiyo brevet ya jioni haimo katika herufi hizo. Tangu 2016 kuna sheria iliyounda Ordre ya wauguzi, yaani baraza lao la kisheria, katika nchi yetu, na anayetaka kufanya kazi hii kwa jina lake lazima aandikishwe kule. Ukipeleka brevet ya mtaani wataitazama, watakurudishia. Ndiyo, dispansere fulani itakupokea. Itakupokea kwa sababu wewe ni bei rahisi, itakuvalisha bluzi nyeupe, na baada ya wiki mbili mtaa mzima utakuita dokta. Siku mgonjwa akiharibikiwa, mwenye dispansere atasema hakujua kwamba hukusoma.

Mwambie shangazi, kwa heshima yote, kwamba sindano si sindano. Chukua usiku mmoja tu. Mtoto wa kilo 15 analetwa na malaria kali, ana degedege, mama yake analia. Artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali, kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji 45. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unauyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nayo, unangoja maji yawe maangavu kabisa bila ukungu, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Sasa kila mililita ina miligramu 10. Unavuta 4.5, unapiga polepole kwenye mshipa. Kilichobaki hukiweki kwa ajili ya mtoto wa kesho, maana dawa hiyo ikishachanganywa inatumika ndani ya saa moja. Unaandika saa uliyoipiga, kwa sababu ya pili inafuata baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Halafu mtoto wa kitanda cha pili ana kilo 22, na kwake hesabu ni nyingine, 2.4 kwa kilo. Haya yote umeme umekatika, umeshika simu kwa meno ili ikumulikie. Nani atakufundisha hayo jioni, kwa miezi tisa, bila kitanda hata kimoja cha mgonjwa?

Na serumu, yale maji ya dripu, je? Watu wanadhani serumu ni kutundika tu. Daktari ameandika mililita 500 kwa saa 4. Mpira wa kawaida wa mtu mzima unatoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo ni matone 10,000 kwa dakika 240, yaani karibu 42 kwa dakika. Unasimama pale na saa yenye mshale wa sekunde, unahesabu, unarekebisha kile kigurudumu. Mzee mwenye moyo mbovu ukimwachia serumu ikimbie, utamzamisha akiwa amelala kitandani. Kwa hiyo ukiniuliza kama kemia na hesabu ulizosoma zitakufaa kitu, jibu ni hilo. Rudia tangu sasa hesabu ya kanuni ya tatu, gramu na miligramu, lita na mililita, mpaka uifanye ukiwa unasinzia. Kifaransa pia: masomo yote, ripoti zote, na karatasi utakayomwandikia mwenzako wa zamu ya asubuhi, ni Kifaransa. Wanafunzi wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza akili wanazo, ila hawaelewi vizuri swali la mtihani linawauliza nini.

Tuje kwenye kutapika. Mwanangu, kile kidonda cha mgongoni kina harufu kuliko karibu kila kitu utakachokutana nacho hospitalini. Damu watu wanaizoea ndani ya siku chache. Kidonda cha kulala kinachukua muda. Usiingie kufunga vidonda tumbo likiwa tupu, pumulia mdomo, weka macho kwenye kazi ya mikono yako, na ukihisi kichwa kinakuwa chepesi, weka chini ulichoshika, sogea ukutani, kaa. Hakuna atakayekufukuza kwa hilo. Yule muuguzi aliyekucheka alikosa adabu, basi. Na tukisema ukweli, angekuwa anamgeuza bibi yako kila baada ya saa mbili, au angekufundisha wewe kumgeuza, labda kidonda kisingefika pale.

Wasioweza kazi hii ninawajua, na hawatapiki. Ni yule anayejaza karatasi ya joto ya wagonjwa wote saa kumi na mbili asubuhi, 37, 37, 36.8, hali kipimajoto hakijatoka mfukoni. Ni yule anayekisia dozi kwa sababu anaona aibu kumwamsha mkubwa wake. Ni yule anayemfokea mama wa mgonjwa mbele ya watu. Jipime kwa hao. Wewe ulimlinda bibi na hukuchoka. Hicho mimi nimekisoma mara mbili katika barua yako.

Tena umeshaona kitu ambacho vitabu haviandiki. Katika hospitali zetu anayemwosha mgonjwa, anayemlisha, anayetoka kutafuta dawa, ni ndugu, wale garde-malade waliolala kwenye mkeka chini ya kitanda. Papa anasema utamwaga mikojo. Mara nyingi mkojo unamwagwa na familia, kama ulivyofanya wewe. Kazi ya muuguzi ni kupima huo mkojo ni kiasi gani, una rangi gani, na kujua kama figo zimeanza kugoma. Na kuwaongoza hao ndugu, ambao wengine wanaficha dawa za kienyeji chini ya mto, wengine wanagombana juu ya nani alipe.

Juu ya kulipa, ngoja nikuambie lililo gumu kuliko kidonda chochote. Siku moja mgonjwa amepona, daktari amemruhusu, lakini faktura haijalipwa, na anabaki kitandani wiki, wiki mbili, yeye na mtoto wake mchanga. Anayemwambia "hutoki" si mkurugenzi aliye ofisini, ni muuguzi wa zamu. Utakuwa wewe. Fikiria hilo mapema kuliko unavyofikiria damu.

Sasa papa. Papa yako hana kosa kuhusu pesa, na ukibishana naye hapo utashindwa, maana ana shahidi anayekuja kuomba pesa ya teksi. Ni kweli kwamba katika hospitali za Serikali kuna wauguzi wanaofanya kazi miaka bila matricule, ile namba ya mfanyakazi wa Serikali, wale wanaoitwa nouvelles unités. Wengine wanapata primu ya hatari bila mshahara. Wengine hawapati hata hiyo, wanagawana kidogo kinachobaki katika mapato ya hospitali mwisho wa mwezi. Migomo unayoisikia redioni inatoka huko. Mtu asikuambie kwamba ukishapata diploma Serikali inakungoja.

Ila papa anamtazama muuguzi mmoja tu. Kuna vituo vya afya vya makampuni ya madini, na yeye barabara ya Kolwezi anaijua, anavipita. Kuna hospitali za makanisa, nyingine zinalipa kidogo lakini zinalipa. Kuna mashirika. Na kuna wauguzi waliosomea kitu maalumu juu ya uuguzi: usingizi wa upasuaji, ukunga, watoto. Ukienda hospitali ndogo za mkoa utakuta anayelaza mgonjwa usingizi ni muuguzi aliyefundishwa hiyo kazi, na mkurugenzi anamchunga kama yai. Huko kwenye vituo vya afya, anayeongoza kituo chote ni infirmier titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT: anapokea wagonjwa, anaandika dawa, anatuma ripoti kwenye zone de santé, ofisi ya afya ya eneo. Huyo si mtumwa wa mtu. Kupata nafasi hizo si rahisi, sitakudanganya, lakini anayezipata kwa kawaida ni yule ambaye papa hamjui, aliyepanga mapema.

Kuhusu sheria, papa amewahi kuhesabu vijana waliomaliza sheria wanaozunguka na faili kwapani pale mbele ya mahakama? Usimwambie hivyo, nimesema tu kwa sababu yamenijaa moyoni. Kuhusu udaktari: kama unautaka, nenda moja kwa moja kwenye kitivo cha tiba. Usiingie uuguzi kama ngazi ya kupandia kwenda udaktari. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Wanafika wodini wanataka kushika stethoscope tu, kitanda hawakitaki.

Mchumba: mwonyeshe ratiba ya zamu kabla hamjaenda kwa wazazi kuongea mahari. Zamu za usiku zipo na hazitaondoka. Akikubali, vizuri. Akianza kunung'unika leo, hujamwona bado.

Jinsi ya kuchagua shule. Usiniulize jengo. Uliza wanafunzi wake wanafanyia staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, wapi, na usimuulize mkurugenzi, waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho ukiwakuta nje. Wanakwenda hospitali kubwa yenye vitanda vilivyojaa? Wanakuwa wangapi kwa kitanda kimoja? Kama ni kumi wamemzunguka mgonjwa, wawili wa mbele ndio wanajifunza na wanane wanachezea simu. Nani anatia sahihi kwenye carnet ya staji, kile kidaftari cha mazoezi, mtu aliyewaona wakifanya, au sekretari? Kuna chumba cha mazoezi chenye sanamu ya kujifunzia, na sanamu hiyo inatolewa kwenye kabati au inaonyeshwa wageni tu? Kama ni shule ya binafsi, omba kuona karatasi ya wizara inayowapa ruhusa. Wenye nayo wanaionyesha bila hasira.

Na hesabu ya pesa usiifanye kwa minervali, ada ya shule, peke yake. Kuna syllabus za walimu, zile notisi za masomo wanazouza, kuna pesa ya staji, bluzi mbili (moja ikiwa inakauka), viatu vilivyofungwa mbele, kipimajoto, mashine ya presha na stethoscope ambavyo mnaweza kununua wawili kwa pamoja, saa ya mshale wa sekunde, na usafiri. Usafiri ndio unaowamaliza watu wa Katuba, hasa staji ikiangukia upande wa pili wa mji na zamu ikianza kabla ya saa moja.

Kabla masomo hayajaanza, fanya mambo mawili. La kwanza, chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza, kwa hiyo ukingoja staji ianze umechelewa. Wanafunzi wanachomwa na sindano zilizotumika, hasa wanaporudisha kifuniko kwenye sindano. Usirudishe kifuniko, kamwe, hata mkubwa wako akifanya hivyo mbele yako. La pili, nenda kituo cha afya cha karibu, mwombe IT akuruhusu kukaa asubuhi chache siku ya kupima watoto na ya chanjo. Utapanga mstari, utaandika majina, utapima uzito. Ukirudi nyumbani una hamu ya kurudi kesho, tumeelewana. Kama wataka kujifunza kitu cha mikono wakati unangoja, mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu ni mazuri, na wao hawakudanganyi kwamba yatakufanya muuguzi.

Na kila karatasi ya pointi utakayopewa, kuanzia ile ya mwaka wa kwanza, itunze pamoja na fotokopi kwa mtu mwingine. Ukitaka siku moja kufanya kazi Zambia au Canada, kila mahali pana baraza lake na litakuomba masaa uliyosoma na masaa ya staji. Watu wanarudi hapa baada ya miaka kumi kutafuta relevé, hizo karatasi za pointi, na kukuta aliyekuwa anaziandika ameshafariki.

Papa akirudi kutoka Kasumbalesa, siku ya kwanza mwache aoge, ale bukari, yaani ugali, alale. Siku ya pili mletee karatasi moja: shule, gharama zote kama nilivyokuandikia, na sehemu tatu unazotaka kuomba kazi ukimaliza. Mwombe, kwa kuwa anapita huko, aulize kwenye kituo cha afya cha kampuni moja ya Kolwezi wanaajiri wauguzi wa ngazi gani. Akileta jibu yeye mwenyewe, litakuwa na uzito kuliko langu. Shangazi naye mpe kazi: akuchangie syllabus za mwaka wa kwanza kwa zile pesa alizotaka kupeleka kwenye miezi tisa.